Uchambuzi wa kisa: plota ya bei nafuu, kompyuta ya Mac, na msimu wa watalii uliokuwa unabisha hodi

Kisa hiki kilitokea Arusha. Nimeacha jina la mwenye duka, mtaa wake, wauzaji na kampuni iliyompa kazi, na nembo nimeieleza nusu nusu ili isitambulike. Bei ni zile zilizoandikwa kwenye daftari lake, nimezitumia kwa ruhusa yake. Mimi ndiye fundi aliyeombwa ushauri, na msomaji ataona kwamba hasara nyingine ilianzia mdomoni mwangu.

Mazingira

Dada M., nitamwita hivyo, ana chumba kimoja cha biashara ambako anachapa kadi za harusi, kadi za kipaimara na fulana za vikundi. Stika alikuwa anazikubali kwa wateja lakini hazikati mwenyewe. Alikuwa anachora, anatuma mchoro kwa WhatsApp kwa jirani mwenye plota (mashine inayokata stika kwa kisu kwa kufuata mchoro wa kompyuta), halafu anasubiri foleni. Miezi ya kawaida foleni inavumilika. Kuanzia Juni, magari ya watalii yanapoanza kupakwa rangi na kubandikwa nembo, jirani anakata kazi zake kwanza, na ana haki.

Kompyuta yake ni MacBook Air ya 2020 yenye chipu ya M1, aliyoachiwa na shemeji yake. Anachora kwa Inkscape, programu ya kuchora, kwa sababu ni ya bure na alishaizoea. Mwezi Mei kampuni ndogo ya utalii ilimpa kazi ya Land Cruiser sita: nembo kwenye milango miwili ya mbele ya kila gari, jina ubavuni, namba ya simu nyuma. Kila nembo ilikuwa na upana wa sentimita 55.

Alikuwa na shilingi 1,200,000 mkononi, sehemu yake ikiwa mkopo wa kikoba. Akanipigia simu: "Kaka, hii Mac yangu itakubali mashine gani?" Nilikuwa juu ya ngazi nafunga kamera za ulinzi kwa mtu. Nikamjibu, "USB ni USB, dada. Ukichomeka inaingia."

Jibu hilo lilimgharimu wiki mbili.

Mashine zilizofikiriwa

Jioni tulikaa tukazipitia vizuri zaidi. Ya kwanza ilikuwa Silhouette Cameo, mashine ndogo ya kukata yenye upana wa inchi 12. Kwa mtu wa Mac hii ndiyo njia yenye mawe machache: programu yake, Silhouette Studio, ina toleo la Mac, na toleo la msingi ni la bure. Kuna kasoro ndogo, kwamba toleo hilo la bure halifungui SVG, aina ya faili ambayo Inkscape huhifadhi, kwa hiyo mtu wa Inkscape lazima ahifadhi mchoro wake kama DXF au alipie toleo la juu. Hilo lingevumilika. Kilichotukwamisha ni upana. Inchi 12 ni kama sentimita 30, na nembo ya sentimita 55 ingebidi ikatwe vipande viwili na kuunganishwa mlangoni. Gari linalokwenda Ngorongoro na kurudi kila wiki linakula vumbi, na vumbi likipata mshono halitoki. Pia bei ya kuifikisha Arusha ilikaribia kumaliza bajeti yote.

Cricut, mashine nyingine ndogo ya kukata, tuliigusa na kuiacha. Nayo inakubali Mac, lakini inaendeshwa kwa programu yake tu, kwa akaunti. Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba wasiolipia kila mwezi wangepakia michoro 20 tu kwa mwezi, na ikarudi nyuma baada ya wateja kupiga kelele. Ilirudi nyuma, sawa. Ila Dada M. alisikia habari hiyo akasema hataki mashine ambayo mwenye nayo yuko Marekani.

Ya pili ilikuwa plota ya Kichina isiyo na jina kubwa, ile inayopokea karatasi ya milimita 720 na kukata takriban 630, yenye stendi ya miguu miwili. Kwa kazi ya mjini upana huo una maana. Vinaili nyingi (plastiki ya kutengenezea stika) madukani zinakuja kwenye roli za mita 1.22, ukizipasua katikati kwa kisu na rula ya chuma unapata vipande vya sentimita 61 vinavyoingia bila taabu. Visu vyake ni vya aina ya Roland, bei rahisi, vinapatikana hata kwa mafundi wa mabango.

Ya tatu haikuwa mashine tofauti bali njia tofauti: plota hiyohiyo pamoja na laptopu ya mtumba ya Windows. Niliitaja kwa sauti ndogo. Akanikata: "Nina kompyuta nzuri hivi, ninunue mkweche wa nini?" Sikubisha. Ningepaswa kubisha kidogo.

Uamuzi na sababu zake

Tukachagua ya pili. Sababu zilikuwa upana, bei na visu. Muuzaji alikuwa Dar es Salaam. Tulimuuliza umeme wake (220, sawa), tukauliza kisu, tukauliza kama vipuri vipo. Kuhusu Mac alijibu kwa ujumbe wa sauti: "Inakubali dada yangu, hata kwenye boksi imeandikwa." Akatuma video ya sekunde 20 mashine ikikata nyota. Pembeni ya video ilionekana laptopu nyeusi. Hakuna aliyejiuliza ile laptopu ilikuwa inaendesha nini.

Alilipa 850,000, na 40,000 za kusafirisha kwa basi.

Mashine inafika

Boksi lilikuwa refu kama benchi la kanisani. Ndani kulikuwa na mashine, stendi, visu vitatu, kishikio cha kalamu, waya wa USB, CD moja, na kidude kidogo cha plastiki kama flashi ambacho ndicho ufunguo wa programu: bila kukichomeka, programu haifunguki.

MacBook Air haina mahali pa CD. Haina hata tundu la USB la umbo la zamani, ina matundu mawili ya USB-C, kwa hiyo kabla ya lolote tulinunua adapta ya 35,000. Tukaazima kompyuta ya mtu kuhamisha kilichokuwa kwenye CD. Ilikuwa programu ya Windows tupu. Maneno ya kwenye boksi hayakuwa uongo kamili, kwa sababu kuna programu za Mac zinazoweza kuiendesha mashine ya namna ile. Hazikuwa ndani ya boksi, basi.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nikasema tuweke Windows ndani ya Mac. Kwenye Mac za zamani zenye chipu ya Intel mtu angetumia Boot Camp, njia ya Apple ya kuwasha Windows kwenye Mac. Kwenye M1 hakuna Boot Camp. Kilichobaki ni kuendesha Windows 11 ya ARM (aina ya chipu ambayo M1 ni mojawapo) kama kompyuta ndani ya kompyuta. Dada M. alinunua bando mbili za usiku kushusha mafaili. Siku ya nne Windows ikawaka, programu ikafunguka, tukapeana mikono. Kisha ikadai ufunguo. Ufunguo umechomekwa, haiuoni.

Sababu yake inafaa kuelezwa, maana wengi wanaanguka hapohapo. Windows ya ARM inaweza kuigiza programu zilizoandikwa kwa kompyuta za Intel, lakini uigizaji huo hauhusu draiva, yaani programu ndogo inayounganisha kifaa na kompyuta. Draiva lazima iwe imeandikwa kwa ARM yenyewe, na ya kile kidude haikuwa hivyo. Pale njia iliisha. Siku nne zimekwenda na magari sita yanasubiri.

Mraba wa milimita 25

Siku ya tano niliacha kuuliza "programu gani" nikauliza "hii mashine inaongea lugha gani". Ndilo swali ambalo lingetangulia yote.

Plota nyingi za namna hii zinaelewa HPGL, lugha ambayo Hewlett-Packard waliitengeneza kwa ajili ya mashine zao za kuchora kwa kalamu. Ni lugha nyepesi kama amri za baba kwa mtoto: PU, inua kalamu, PD, shusha kalamu, halafu namba za mahali pa kwenda. Vipimo vyake ni vipande 40 kwa kila milimita. Mashine haijui kama anayeiamrisha ni Windows au Mac. Inasubiri herufi zake tu.

Swali la pili ni waya. Tundu la USB la plota hizi mara nyingi ni la serial (njia ya zamani ya kutuma data kidogo kidogo kwa mstari mmoja) lililovishwa koti: ndani kuna kichipu kinachotafsiri. Kwenye Mac unafungua taarifa za mfumo, unaenda sehemu ya USB, unasoma namba ya mtengenezaji wa kichipu. Yetu ilisema 0x0403, yaani FTDI, na macOS, mfumo wa Mac, imekuwa na draiva ya FTDI ndani yake tangu toleo la 10.9 la mwaka 2013. Tungeona 0x1a86 ingekuwa CH340, na 0x067b ingekuwa Prolific. Hizo nazo hufanya kazi, ila kutegemea toleo la macOS unaweza kulazimika kutafuta draiva.

Kwa hiyo lugha ipo, waya upo. Programu nayo ilikuwepo siku zote: Inkscape ina kiendelezi kinachoitwa Plot, kinachotuma mchoro moja kwa moja kwenye tundu la serial kwa HPGL. Kasi ya mawasiliano tuliisoma kwenye kioo cha mashine, 9600. Azimio tukaliacha 1016 kwa inchi, ambalo ukigawa kwa 25.4 unapata zile 40 za kila milimita.

Sikuweka kisu. Nilifunga kalamu ya biki kwenye kishikio, nikaweka karatasi ya A4, Dada M. akachora mraba wa milimita 25 na kubonyeza tuma. Mashine ilikoroma, ikaenda, ikarudi. Akachukua rula ya mwanawe ya shule akapima pande zote nne: 25, 25, 25, 25. Kona zimefunga. Alikaa chini kwenye kiti akacheka peke yake.

Kisu kilifuata. Tulitumia cha nyuzi 45, ncha ikichomoza kidogo kuliko unene wa ukucha wa mtoto, tukaweka umbali wa ncha milimita 0.25, tukapandisha nguvu kidogo kidogo hadi vinaili ikakatika na karatasi ya nyuma ikabaki na alama tu bila kutoboka. Kipimo chake ni kuingiza sindano kwenye kona ya mraba: ukiinuka peke yake umepata. Wiki hiyo alikata stika 40 za bodaboda bila shida yoyote.

Mti uliokatwa na mstari

Nembo ya kampuni ilikuwa na mti wa mgunga, majani yake yote yakiwa vipande vidogo vidogo. Tulianza saa tatu asubuhi. Mashine ilikata shina, ikakata matawi, ikafika kwenye majani ya upande wa kulia, kisha kisu kikatoka mbio kutoka kona moja kwenda nyingine na kuupasua mti wote kwa mstari ulionyooka. Baada ya hapo kilikuwa kinakata vitu visivyokuwepo kwenye mchoro.

Nilisema ni umeme, tukarudia kwa stabilaiza. Mstari. Nikasema ni kisu, ushauri wa kijinga kwa sababu kisu hakichagui njia, lakini nilikibadili. Mstari. Vinaili ikawa inarundikana sakafuni. Jumla zilikwenda mita nne.

Aliyeona ni Dada M. Alitandika vipande vitatu vilivyoharibika kimoja juu ya kingine dirishani, mwanga ukipita nyuma, akasema: "Kaka, mbona inakosea palepale?" Kweli, mistari ilianzia karibu sehemu ileile. Umeme haukosei palepale. Stika za bodaboda hazikukosea kamwe, nazo ni fupi. Basi tatizo lilikuwa wingi wa maneno.

Mashine ina kumbukumbu ndogo ya kupokelea amri. Kisu kinakwenda polepole kuliko kompyuta inavyotuma, kwa hiyo kumbukumbu ikijaa mashine lazima iseme "ngoja kwanza". Kuna namna mbili kuu za kusema hivyo: kwa herufi maalumu ndani ya mazungumzo yenyewe, inayoitwa XON/XOFF, au kwa nyaya za pembeni, RTS/CTS. Inkscape ilikuwa imewekwa kwenye ya kwanza kama inavyokuja. Mashine yetu ilikuwa inatumia ya pili. Plota inapiga kelele ngoja, kompyuta haisikii, amri zinamwagika chini kama maji kwenye ndoo iliyojaa, na amri ikipoteza namba zake katikati kisu kinakwenda kunakojulikana na Mungu.

Tukabadili sehemu moja kwenye dirisha la Plot. Mti ukakatika wote, jani kwa jani, dakika zaidi ya kumi na tano, wote tumesimama kama watu wanaoangalia mechi.

Matokeo

Magari manne kati ya sita yalibandikwa kwa stika alizokata mwenyewe. Mawili ya mwanzo hayakusubiri: alipeleka mchoro kwa jirani yuleyule na kulipa 120,000, na faida ya magari hayo ikaishia huko. Kampuni ililalamika kuhusu kuchelewa, lakini mwezi Agosti ilirudi na gari la saba.

Daftari linasema hivi: mashine 850,000, usafiri 40,000, adapta 35,000, vinaili iliyoharibika 36,000, jirani 120,000. Jumla 1,081,000. Tulibaki ndani ya bajeti, jambo ambalo lilinishangaza, ila daftari halina safu ya siku. Bando nazo hakuziandika, alisema zinamtia hasira.

Jambo lingine lilitokea ambalo hakuna aliyelipanga. Oktoba aliajiri kijana wa kumsaidia. Kijana anajua CorelDRAW ya Windows na hataki kusikia kingine. Dada M. akanunua laptopu ya mtumba, ule mkweche alioukataa, na kile kidude cha ufunguo kikapata kazi. Siku hizi kijana anakata kwa Windows. Yeye akiwa peke yake anakata kwa Mac. CD ameining'iniza kwenye mparachichi nyumbani kwake kufukuza ndege.

Kilichofanya kazi

Upana ulikuwa uamuzi sahihi, na tuliufanya kwa sababu sahihi: tulianza na kazi iliyokuwepo na roli zinazouzwa mjini. Angechukua ya inchi 12 angekata vizuri kutoka siku ya kwanza, na angekuwa anaunganisha milango ya magari hadi leo.

Kujaribu kwa biki na karatasi ni jambo nitakalolirudia kila mara. Mraba mmoja unakuonyesha kwamba lugha inaeleweka, kwamba vipimo ni sahihi na kwamba kona zinafunga, kwa gharama ya karatasi moja. Na mashine inayotumia lugha iliyo wazi ilituokoa pale programu yake yenyewe ilipogoma. Kama isingetoa nafasi kwa programu nyingine, lile boksi lingerudi Dar es Salaam na basi lilelile.

Kilichoshindikana, na pa kwake na pangu

Kosa la Dada M. ni moja: alilipa kabla ya kuona mashine ikikata kutoka kwenye kompyuta kama yake. Video haikumdanganya, ilionyesha mashine nzima. Swali lilikuwa upande wa pili wa waya.

Yangu ni zaidi. "USB ni USB" ni sentensi ya mtu aliye juu ya ngazi. USB inakuambia plagi itaingia, haikuambii kitakachosemwa baada ya kuingia. Siku nne za Windows ndani ya Mac nilizianzisha mimi bila kusoma kwanza habari za draiva kwenye ARM, na ningezisoma kwa nusu saa. Pia jaribio langu la mraba, nililolisifu hapo juu, lilikuwa fupi mno: mistari minne haijazi kumbukumbu ya mashine yoyote. Ningetuma ule mti mzima kwa biki kwenye karatasi kabla ya kugusa vinaili, mita nne zingebaki kwenye roli.

Kuhusu laptopu ya mtumba sina jibu moja. Ukihesabu siku zilizopotea na magari mawili ya jirani, ingekuwa nafuu kuinunua Mei. Lakini Mei hakuwa na kijana, alikuwa na mkopo wa kikoba, na kila alichokichora kilikuwa kwenye Mac. Mteja mwingine wa Moshi aliniuliza swali hilohilo mwezi uliopita. Nilimuuliza kwanza stika yake pana kuliko zote ina sentimita ngapi, halafu nikamtaka amwombe muuzaji picha ya programu ikiwa imefunguka kwenye Mac, jina la lugha ambayo mashine inaelewa, na picha ya ukurasa wa mipangilio ya mawasiliano kwenye kioo chake. Muuzaji wa kwanza hakujibu. Wa pili alijibu mawili kati ya matatu, na la tatu tulilipata kwa kumwomba awashe mashine tukiwa kwenye simu ya video.